Masikio Kumi na Moja

Je, umewahi kutembea na masikio ya mbuzi wa watu mfukoni mwa koti lako, ukienda kuwagongea wenyewe mlango mmoja baada ya mwingine? Kama hujawahi, shukuru, kisha ukae nikusimulie habari ya Belmiro wa Fragoselo, ambaye asubuhi moja ya Oktoba alikuwa nayo kumi na moja.

Kwetu Fragoselo mbuzi wote wa kijiji walichungwa pamoja, kundi moja, na kila nyumba ilichunga siku zake: mwenye mbuzi wengi siku nyingi, mwenye wachache siku chache. Kundi hilo na desturi hiyo tuliviita kwa jina moja, zamu. Nyumba zilipokuwa thelathini na nane, mtu alimaliza siku zake akakaa wiki nyingi akilima viazi vyake, mbuzi akiwaona jioni tu wakirudi na kengele zao. Lakini watu walikwenda Ufaransa, walikwenda Uswisi, walikwenda makaburini, na wakati wa habari hii zilibaki nyumba nne. Belmiro na mkewe Felisbela walikuwa na mbuzi ishirini na wanane. Armindo, aliyerudi kutoka Ufaransa na gari na mgongo mbovu, alikuwa na thelathini na mmoja. Hermínio alikuwa na kumi na sita na mapafu yaliyokwisha kwa vumbi la machimbo ya mawe. Na Shangazi Deolinda, mjane wa miaka sabini na tisa, alikuwa na saba. Deolinda hakuweza tena kupanda mlima, na Hermínio alipanda akikohoa mpaka mbuzi wanageuka kumtazama. Kwa hiyo siku zao alizichukua Belmiro. Katika kila siku ishirini na moja, kumi na tatu alikuwa mlimani yeye.

Na sheria ya zamu ilikuwa hivi. Mbwamwitu akiua mbuzi, mchungaji hakutukanwa wala hakulipa. Alitakiwa kitu kimoja: akate sikio la kushoto, lile lenye alama ya nyumba, alipeleke kwa mwenyewe siku ileile kabla hajala. Sikio la Deolinda lilikuwa na tobo katikati. La Hermínio lilichanjwa kama mkia wa mbayuwayu. La Armindo lilikuwa na pengo mbele, na la Belmiro lilikatwa ncha. Mchungaji alisema, "Mlima umechukua, hili ndilo lililobaki." Mwenyewe alijibu, "Nimepokea." Yakaisha hapo. Maana zamani walikuwako wajanja waliouza mbuzi wa watu mnadani wakamsingizia mbwamwitu, na hakuna mnunuzi duniani atakayekubali mbuzi aliyekatwa sikio lenye alama.

Halafu mbwamwitu walitoweka, miaka thelathini. Walipigwa risasi, walitegewa sumu, wakaisha. Waliporudi, ofisi ya wanyamapori ilisema wamekuja wenyewe kwa miguu yao. Ofisi hiyohiyo ilikuwa imeleta kulungu ndani ya masanduku ya mbao, ikawaachia juu msituni ili mbwamwitu wapate kula kitu kingine zaidi ya mbuzi wetu. Kulungu tuliwaona kwa macho wakishushwa kwenye lori. Basi watu wakasema: walioweza kushusha kulungu, watashindwaje kushusha mbwamwitu? Belmiro hakushiriki maneno hayo. Alisema, "Awe amekuja kwa miguu au kwa gari, njaa yake ni ileile," akaenda kuchunga.

Ofisi ilimpa pia mbwa wa ulinzi, dume kubwa la manjano aliyeitwa Farrusco. Na mwezi wa Mei ilituma injinia, kijana mpole aliyeitwa Telmo, akafanya mkutano kwenye shule ya zamani ambayo haina tena watoto. Akaeleza: serikali italipa kila mbuzi atakayeuawa. Ila mzoga usiguswe, usisogezwe, hereni ya njano ya serikali, yenye namba, ibaki sikioni, sikio libaki kichwani. Funika kwa turubai, piga simu siku hiyohiyo. Akagawa karatasi yenye maneno hayo. Belmiro siku ile alikuwa mlimani. Felisbela ndiye aliyekwenda, akatia sahihi, akaikunja karatasi mara nne.

Alikusudia kumwambia mumewe jioni ile. Lakini ilikuwa jioni mbaya. Mchana alikuwa amepata barua ya binti yao, Natália, aliyeko Luxembourg, kwamba ubatizo wa mtoto umepangwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Belmiro aliingia amelowa mpaka mifupani, akakaa mbele ya supu yake ya kabichi. Felisbela akamwambia habari ya ubatizo kwanza.

"Twende," akasema. "Siku nne tu. Natália atatulipia basi."

Belmiro akaweka kijiko chini. Alihesabu kwa vidole juu ya meza, akahesabu tena.

"Haiwezekani," akasema. "Ni zamu yetu."

"Mwambie Armindo abadilishane."

"Armindo na mgongo ule? Mwanamke, ni zamu yetu."

Akalala palepale mezani, shavu karibu na mkate wa mahindi. Felisbela akaitia karatasi ndani ya kopo la biskuti, na hakuitoa.

*

Siku ya ukungu mbuzi hugawanyika, na mbwa mmoja hawezi kuwa pande mbili. Jioni moja ya Oktoba kundi la mbele lilishuka na Farrusco, likafika zizini salama. Kundi la nyuma lilibaki juu. Belmiro aliita mpaka sauti ikakauka, hakuona hata mkono wake mwenyewe. Asubuhi, saa mbili, ukungu ulipoanza kuinuka, alipanda na Felisbela. Waliwakuta kwenye mawe mapana tunayoyaita Meza.

"Usiangalie," Belmiro akasema.

"Nimeshaangalia."

Walikuwa wametawanyika, mmoja hapa, wawili kule, makoo yametobolewa. Wengine walikuwa hawajaliwa hata kidogo. Belmiro alipita akiinama kwa kila mmoja kama anayesoma majina kwenye makaburi.

"Huyu wa Armindo. Huyu wetu. Huyu wa Deolinda... na huyu pia wa Deolinda. Mungu wangu, mpaka yule wa maziwa. Watatu wa Deolinda." Alivua kofia, akaivaa tena. "Kumi na mmoja."

Sasa ujue jambo moja. Pale kwenye Meza ndipo mahali pekee upande ule wa mlima ambapo simu inashika. Felisbela alikuwa akipanda hapo kila Jumapili baada ya misa, na magoti yake mabovu, ili asikie sauti ya Natália na kelele za mtoto nyuma yake. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, mkono wake ulikuwa juu ya simu, na karatasi ya injinia aliikumbuka neno kwa neno.

Belmiro akatoa kisu chake cha mfukoni, kile cha mpini wa pembe, akakifungua.

Felisbela akautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Nishikie kichwa," Belmiro akasema. "Kinateleza."

Akamshikia. Alishika vichwa vyote kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine, na Belmiro alikata polepole, kwa adabu, akipangusa kisu kwenye majani kila mara. Masikio yakaingia mfukoni mwa koti na hereni zake za njano. Kisha, kama baba yake alivyomfundisha, akaivuta mizoga mpaka ukingoni akaisukumia korongoni, ili kundi likipita kesho lisinuse damu likaogopa malisho.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Deolinda, kwa sababu ilikuwa karibu, na kwa sababu ndiyo iliyomuuma zaidi. Alimkuta akimenya viazi mlangoni.

"Shangazi Deolinda," akasema, "mlima umechukua. Haya ndiyo yaliyobaki."

Bibi akafuta mikono, akayapokea matatu. Akapitisha kidole kwenye tobo la kila moja. Kwenye la tatu kidole kilikaa.

"Huyu ndiye Pombinha."

"Ndiye, shangazi."

"Jana alinipa lita mbili kasoro." Akayatia kwenye aproni. "Nimepokea. Ingia unywe kitu, mwanangu, umekuwa mweupe kama unga."

Akammiminia mvinyo glasi ndogo, kama desturi inavyotaka, wakanywa. Hermínio naye alipokea lake moja, akakohoa, akasema nimepokea.

Armindo alikuwa anaosha gari.

"Karibu, Mjomba Belmiro. Mbona sura hiyo?"

"Mlima umechukua, Armindo. Haya ndiyo yaliyobaki." Akanyoosha mkono wenye masikio matano.

Armindo hakunyoosha wake. Maji yaliendelea kutoka kwenye mpira, yakipita katikati ya viatu vyao.

"Umewakata."

"Nimewakata wote. Hakuna lililopungua."

"Injinia umempigia?"

"Armindo, nimekuletea masikio."

"Masikio nitayafanya nini, mjomba? Supu?" Sauti ilimpanda. "Yuro tisini kila mmoja! Tisini! Mizoga iko wapi?"

"Korongoni. Iko wapi siku zote?"

"Yesu, Maria." Armindo akafunga bomba. "Mke wako si alikuwa mkutanoni? Alikaa mbele yangu. Hakukuambia?"

Belmiro alitazama masikio mkononi mwake, kisha akamtazama Armindo. Aliyaweka yale matano juu ya ukuta wa mawe, moja kando ya jingine, akaondoka. Neno "nimepokea" hakulisikia.

*

Injinia Telmo, aliyeitwa na Armindo, alifika kesho yake na glavu na kamera. Ilibidi ashushwe korongoni kwa kamba. Nguruwe mwitu walikuwa wamemtangulia, na tai pia. Alipopanda tena, suruali yake nzuri ilikuwa imechanika gotini. Wote tulikuwa tumesimama pale juu tukimngoja kama watu wanaongoja majibu hospitali.

"Kuna mizoga sita," akasema. "Au vipande vya sita. Vichwa vitatu tu, na hakuna hata kimoja chenye hereni."

"Hereni hizi hapa, Bwana Injinia," Deolinda akasema. Alikuwa ameyafunga masikio yake kwenye leso safi iliyopigwa pasi. Akaifungua mbele ya kijana yule. "Namba zake hizi. Tazama, zinasomeka."

Telmo alitazama. Nakwambia ukweli, alitia huruma naye.

"Bibi, sikio peke yake si ushahidi. Sikio linaweza kukatwa popote. Siku zilizopita, si hapa, kuna watu waliokata masikio ya mbuzi waliokufa kwa ugonjwa wakatudai."

"Wewe unasema mimi mwizi?"

"Hapana, bibi. Nasema kompyuta haitakubali."

"Huyo kompyuta aje mwenyewe anione."

Watu wawili walicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Telmo akatoa faili, akageuza kurasa.

"Bwana Belmiro, haya yote yalielezwa mwezi wa Mei. Nina sahihi hapa ya nyumba yako." Akainua macho. "Mama Felisbela, ni wewe uliyetia. Hukumwambia mumeo?"

Macho yote yakamgeukia. Armindo alikuwa ameshika kiuno. Deolinda alikuwa bado amefungua leso yake. Belmiro alimtazama mkewe pia, na katika macho yake hakukuwa na shutuma hata chembe. Alikuwa anangoja tu kujua.

"Nilimwambia," Felisbela akasema.

Haikuwa kweli.

"Nilimwambia usiku uleule, akiwa anakula supu. Amesahau."

Upepo ulipita. Farrusco alipiga miayo.

"Basi nimesahau," Belmiro akasema polepole. "Kama amesema aliniambia, aliniambia. Nisameheni jamani. Nimesahau."

*

Kusahau, katika nyumba ile, halikuwa neno dogo. Baba yake Belmiro alianza kwa kusahau kufunga zizi, akaja kusahau jina la mkewe, na asubuhi moja ya Januari walimkuta mtoni na nguo za kulalia akiwaita mbuzi waliokufa kabla vijana wetu hawajapelekwa vitani Angola. Belmiro ndiye aliyembeba mgongoni kumrudisha.

Kwa hiyo wiki ile alianza kujichunga mwenyewe. Alirudi mara tatu kuangalia zizi. Alijaribu kutaja majina ya mbuzi wote ishirini na sita waliobaki, akiwa amekaa kitandani, na alipokwama kwenye jina moja jasho lilimtoka.

"Yule mweusi mwenye pembe iliyovunjika," akamuuliza Felisbela. "Anaitwaje?"

"Cigana."

"Cigana. Cigana." Akalirudia kama mtoto wa katekisimu. "Unaona? Limeanza."

"Halijaanza kitu. Umechoka tu."

"Ndivyo mama alivyokuwa akimwambia baba."

Felisbela alitoka nje, akakata kuni ambazo hazikuhitajika.

Jumapili, baada ya misa, wakakutana mbele ya tanuri la kijiji, mahali ambapo mambo ya zamu husemwa tangu zamani. Felisbela alikuwa ndani anatoa mikate, akisikia kila kitu kupitia mlango.

"Simtukani Mjomba Belmiro," Armindo akaanza. "Amenifundisha kuchunga, sikatai. Nasema tu kosa la mtu mmoja lisilipwe na nyumba nne."

"Masikio yalikuja," Deolinda akasema. "Sheria ni masikio."

"Shangazi, sheria hiyo ni ya wakati ambapo hapakuwa na fidia."

"Fidia hiyo umeiona wapi? Mimi sijaiona. Masikio nimeyaona."

"Mjomba," Hermínio akamwambia Belmiro, akitaka kupoza mambo, "kesho usisahau suruali tu, mengine tutavumilia." Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Wengine wakacheka. Belmiro naye akacheka nao, mkono juu ya kofia, na yule aliyekuwa ndani na mikate aliusikia mcheko huo, akaujua ulivyokuwa.

Kicheko kilipokwisha Belmiro akavua kofia.

"Armindo, utachukua watano kwangu, uchague mwenyewe. Hermínio mmoja. Shangazi Deolinda watatu, wenye maziwa."

"Sichukui hata kwato," Deolinda akasema. "Nilisema nimepokea. Neno langu halirudi tumboni."

"Na lingine," Belmiro akaendelea, kama hakusikia. "Mtu asiyekumbuka hafai kushika mali za watu. Leo masikio, kesho nitawasahau juu kwenye theluji. Waliobaki nitawauza. Zamu mtanisamehe."

Hakuna aliyecheka sasa. Armindo ndiye aliyeshtuka kuliko wote, maana alikuwa anajua hesabu.

"Ah, mjomba, tusifike huko. Nani atachunga? Mimi na mgongo huu?"

"Ukiacha wewe," Deolinda akasema, "zamu imekufa. Unajua hilo?"

"Najua, shangazi."

"Mimi nina wanne. Nitawapeleka wapi? Kanisani?"

Belmiro aliangalia kofia yake. Felisbela alisimama mlangoni mwa tanuri, mkate umemuunguza viganja na hakuuweka chini. Ulikuwa wakati wa kusema. Alijua ni wakati wa kusema. Watu wanne tu, wote wanaomjua tangu usichana wake. Lakini maneno mawili, "amesahau" na "nilimwambia", yalikuwa yameshatoka mbele ya injinia na faili lake, na kuyameza upya mbele ya Armindo kulimshinda. Akarudi ndani, akafuta majivu.

*

Zahanati iko mjini, basi la saa moja na nusu asubuhi. Daktari, binti mdogo, alimwambia Belmiro achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Akachora vizuri, hata akaweka vijiti vya dakika. Akataja mwezi, mwaka, jina la kijiji, akahesabu kurudi nyuma kwa saba.

"Uko sawa kwa umri wako, Bwana Belmiro," daktari akasema.

"Sasa ilikuwaje nisahau?"

"Inatokea. Njoo tena baada ya miezi sita. Na mama," akamgeukia Felisbela, "usimwache peke yake muda mrefu."

Ndani ya basi Belmiro alisema, "Binti mzuri. Lakini saa si mbuzi."

Lori la mfanyabiashara lilikuja siku ya Alhamisi, mchana. Wale sita walikuwa wameshahamia mazizi mengine. Waliopakiwa walikuwa ishirini. Mfanyabiashara alibonyeza viuno, akatazama meno, akasema yuro hamsini kila mmoja, kisha alipoona wenyewe hawana nguvu ya kubishana akasema arobaini na mbili. Belmiro alimsaidia kupandisha. Cigana aligoma kwenye ubao; Belmiro akamwita kwa jina, akapanda. Deolinda aliwaleta wanne wake kwa kamba, amevaa nguo yake nyeusi ya misa, naye akapokea noti zake bila kuhesabu. Armindo alitazama kutoka dirishani. Aliwauza wake wiki mbili baadaye, na Hermínio mwezi uliofuata, lakini tayari siku ile kila mtu alijua.

Siku hiyohiyo ilifika barua ya Injinia Telmo. Kwa maneno ya upole ilisema kwamba mbwa hutolewa kwa ajili ya kundi, na kama hakuna kundi itabidi mbwa aende kwa mtu mwingine. Atakuja kumchukua Jumatatu.

Kabla jua halijashuka Felisbela alipanda peke yake mpaka kwenye Meza, akampigia Natália. Alikuwa ameshapanga maneno yote: mbuzi wamekwisha, nauli ipo, nakuja Krismasi, nitakaa mpaka mtoto atambae, mpaka aniite. Natália alimsikiliza.

"Mama, na baba?"

"Baba atabaki. Au aje."

"Mama, daktari si amesema asiachwe? Na hapa tuko ghorofa ya nne, chumba kimoja na sebule. Akitoka nje akapotea huku, nani atamwelewa? Ngoja tuone baada ya miezi sita, sawa mama? Usihuzunike. Wewe ndiwe nguvu yake sasa."

Mtoto alikuwa analia nyuma. Kisha laini ikakatika, kama kawaida yake upepo ukigeuka.

Felisbela alikaa kidogo juu ya jiwe. Majani yaliyopangusiwa kisu yalikuwa bado na weusi. Upande wa pili wa bonde kulungu wawili walikuwa wanakula pembezoni mwa msitu, na hapakuwa na mtu wa kuwatazama isipokuwa yeye.

Alipofika nyumbani alimkuta Belmiro jikoni, mikono juu ya meza, mezani hakuna kitu. Nje kulikuwa kimya. Hata mimi, niliyezaliwa pale, sikuwahi kusikia saa ile ya jioni bila kengele.

"Mwanamke," akasema, "kaa kidogo."

Akakaa.

"Siku ile ya mkutano. Nieleze tena. Nilikuwa nimekaa wapi?"

"Hapo ulipo."

"Nikila nini?"

"Supu."

"Nikajibu nini, ulipokwisha kunieleza?"

Felisbela alisugua doa mezani kwa kidole.

"Nimejaribu," Belmiro akasema. "Tangu siku ile najaribu. Nafunga macho, naikuta supu. Naikuta mvua. Naukuta ubatizo wa mtoto, jinsi ulivyouliza na jinsi nilivyokukatalia, hata vidole vyangu nilivyohesabia naviona. Wewe nakukuta, umevaa sweta la kijani. Maneno yako ya injinia ndiyo siyakuti. Nieleze maneno yaleyale, labda nikiyasikia yatarudi. Hata kama moja tu. Nitajua kwamba halijafutika lote."

Felisbela akainuka. Akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele yake. Mikunjo ilikuwa bado mikali kama siku ilipokunjwa.

"Huyakuti," akasema, "kwa sababu hayapo. Sikukuambia."

Belmiro alitazama karatasi, hakuigusa.

"Siku ile hukuniambia."

"Siku ile wala siku nyingine yoyote. Hujasahau kitu, Belmiro. Kichwa chako kizima."

"Lakini kule juu, kwenye Meza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na simu mkononi. Nilikuona unafungua kisu."

"Ukanishikia vichwa."

"Nikakushikia."

Nje Farrusco alikuwa anazunguka zizi tupu, kama alivyofundishwa, raundi moja, raundi ya pili. Belmiro akainua uso, na alipouliza sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kupanda.

"Kwa nini, mwanamke? Ulitaka nini?"

"Nilitaka waishe," Felisbela akasema. "Wote, mpaka wa mwisho. Nilitaka nikuambie twende kwa Natália, na usinijibu kwamba ni zamu yetu."